Leleshwa ya Mteremko wa Koko

Leleshwa, kichaka cha kwetu, ikikatwa hutoa harufu kali kama dawa ya kupaka kifuani, na kiangazi kile nilinuka hivyo hata kanisani. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba ya Koko, nyanya yangu, ilikaa juu ya mteremko mkali upande wa barabara ya Magadi, na chini yake vichaka vilikuwa vimefungana kabisa. Koko aliogopa moto. Mbuzi wake ndio waliotusomesha, na wengi walikuwa wamezaa. Basi tukafyeka, sote wa nyumbani, tukianzia chini tukipanda. Mimi nilikuwa mdadisi hadi kero. Mbona moto hupanda mlima mbio kuliko unavyoshuka? Koko akacheka: "Moto hauna magoti, mtoto wangu. Tena ukipanda, unakausha nyasi za mbele kabla haujafika." Jibu hilo lilinifurahisha siku nzima.

Sasa, kwetu tawi lililokatwa halitupwi. Linaenda kwenye ua wa boma ili fisi asipenye. Tukayakokota matawi yote hadi juu, tukaushindilia ua wa wanambuzi mpaka ukanifika kifuani. Nikauliza, "Koko, kama tunayaogopa haya kule chini, mbona tunayaleta mlangoni?" Akanikatiza: "Wewe uko na maswali kama karani wa chifu! Beba." Kuuliza si ujinga, husemwa, lakini Koko alikuwa amechoka. Nikabeba.

Wiki iliyofuata, mchana, mbuzi wakubwa wakiwa malishoni, moto ukaja kutoka chini. Ulipofika tulipofyeka ukafifia, tukapiga vigelegele. Lo! Upepo ukaleta cheche moja tu, ikatua kwenye ua. Leleshwa huwaka hata ikiwa mbichi, sembuse iliyokauka. Koko aling'oa matawi kwa mikono mitupu, akawatoa wanambuzi mmoja mmoja. Watatu hakuwafikia. Alilia waziwazi, nami nikalia kwa hasira. Jioni akaniita, mikono imefungwa vitambaa, akasema, "Uliona, nikakunyamazisha. Nisamehe." Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, na sikujua nitazame wapi.

Siku hizi naishi Kitengela. Koko bado yuko kule juu, hatembei bila kushikwa mkono, na ua wake ni wa waya. Lakini mteremko uliuzwa vipande vipande kwa watu tusiowajua, na leleshwa imerudi, imenipita kimo. Zamani tungejua nani wa kugombezwa kwa kutofyeka. Leo kuna mawe ya mipaka tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Koko hana nguvu za kujenga wala kukimbia. Mwezi uliopita nilikwenda na panga, nikaanzia chini. Mlinzi wa ploti moja akatoka kibandani, akasimama akinitazama.

"Mama, hii shamba ni yako?"

"Si yangu," nikamwambia, bila kuacha kukata. "Moto wake ndio wangu."