Polishi Niliyopaka Gari la Mzee

Wanaohusika ni wanne: mimi, mwanangu Drani, binti yake Onzia aliyekuwa anaolewa Koboko, na Hajati Zaituni, mama wa bwana harusi.

Gari jekundu la marehemu mzee wangu, baba yake Drani, lilikaa miaka uani kwetu Oli, rangi ikafa na jua. Drani alilisugua mpaka likarudi jekundu, maana ndilo lingempeleka Onzia kwa wakwe, na hatukutaka watudharau. Akitoka kutafuta petroli akasema, “Mama, imebaki kupaka polishi tu, ilinde rangi. Iko ndani ya nyumba.”

Polishi ninayoijua mimi ni ile nyekundu ya sakafu. Nikapaka gari lote. Hata sebule yangu haijawahi kung'aa hivyo.

Koboko jua lilikuwa kali. Hajati akaegemea mlango wa gari akimsalimia Onzia. Alipogeuka, mutu akapiga kelele, “Hajati, gomesi yako iko nyekundu nyuma!” Nalo gauni hilo la sherehe lilikuwa jeupe.

Drani akaninong'oneza, “Mama, ulipaka polishi gani?” Nikaficha mikono ndani ya leso.

Hajati akanijia. “Mkwe wangu, wewe bado hatujasalimiana.”

Nikampa mkono. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kucha.

Mliokuwepo, kama nimekosea jina la mutu, nisahihisheni. Rangi sikukosea.