Nichague kozi ya peke yangu au ya wawili wawili?

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu libaki kwenu. Nina miaka ishirini na tisa, ni mjane, mzaliwa wa Ntoto. Vita vilitutoa huko tukakaa Kitshanga, kisha tukakimbia tena hadi Goma. Mume wangu alishikwa na homa njiani, barabara ikiwa imefungwa, akafia mikononi mwangu. Sasa ninaishi na mama yake.

Kuandika programu tulijifunza pamoja, kwa kompyuta moja kuukuu ya parokia ya Kitshanga. Yeye aliandika. Mimi nilikaa kushoto kwake, nikimsomea kutoka kwenye karatasi na kuvizia makosa. Nikiona kosa nilimgonga goti.

"Mama, utanivunja muguu mbele ya programu kuisha!" alikuwa akiniambia.

Tulitengeneza programu ya kutafuta watu waliopotezana wakati wa kukimbia. Mtu alitaja jina, na mara nyingine jina lilipatikana.

Mwezi uliopita nilienda kwenye kituo kinachofundisha kuandika programu. Mwalimu aliniambia niandike mistari michache mbele yake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kuandika. Macho yangu yanajua, vidole havijui. Msichana mmoja akasema, "Mama iko natafuta herufi sawa kuku mu mahindi!" Hata mimi nilicheka. Kisha mwalimu akanipa ukurasa wenye makosa. Niliyaonyesha yote kabla hajamaliza chai yake.

"Mama, iko kozi mbili," alisema. "Ya kwanza ni ya wenye kuanza, miezi sita, kila muntu na masini yake. Ya pili ni miezi tatu. Kule munatumika kazi wawili wawili ku masini moja, moja anaandika, mwingine anasoma. Ile ndio yako. Na wenye kuimaliza wanapata kazi."

"Nitakaa na nani?"

"Na mwenye atakuya, mwanaume ao mwanamuke."

Nilimweleza mama mkwe. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Kilio ya mutoto wangu haiyaisha, na weye unaenda kukaa bega kwa bega na bwana ya watu?" Baadaye akasema polepole, "Lakini miye sikusoma. Uamue weye."

Anadhani ninaogopa maneno ya watu. Siyo hayo. Ninaogopa kuzoea. Tayari sikumbuki vizuri mume wangu alivyokohoa asubuhi. Nikikaa miezi mitatu nikisikia vidole vya mtu mwingine, vya kwake nitavisikia wapi tena? Kozi ya kwanza itaniacha nimekaa naye kimya, hata kama itanichelewesha. Ya pili italeta chakula nyumbani, na mama huyu amezeeka.

Mwalimu anataka jibu Ijumaa. Ninyi mliowahi kufiwa mkarudi kazini, niambieni: mahali pangu mngejiandikisha kozi gani?