Jioni ya Zohali

Juzi basi lilinishusha mtaa wa Braamfontein, karibu na chuo, nikakuta ule uwanja wa nyasi umejengwa hosteli. Nilisimama pale nikitafuta huzuni. Sikuipata.

Hapo ndipo palipofanyika tamasha la kutazama nyota, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi Turffontein, wazazi, mdogo wangu wa kike na mimi, katika chumba kilichonuka mafuta ya nywele, maana mama alisukia wateja humohumo. Baba alikuwa mlinzi wa duka. Alisikia habari za tamasha kwa jirani yetu Mtanzania, mwalimu wa chuo, akaahidi kutupeleka. Siku haijafika, moyo wake ukasimama akiwa kazini. Tukamzika hukuhuku ugenini, mbali na kwetu Lubumbashi.

Akina mama wa kanisani walikataza: mjane hasogei penye muziki. Mama akakaanga maandazi, akayafunga kwenye kitambaa.

"Baba yenu alisema mutaenda. Basi, tunaenda."

Ilikuwa baridi ile ya Julai inayopasua midomo. Marimba zililia, mhadhiri mmoja akaeleza umbali wa nyota. Mdogo wangu akacheka, kisha akanyamaza ghafla, kama aliyekumbuka kwamba haturuhusiwi. Mimi nilitafuna andazi lisilo na ladha. Zamu yangu ilipofika kwenye darubini, nikaiona sayari ya Zohali, ndogo, na pete yake, kama kibandiko cha daftari.

"Umeona?" yule mwalimu jirani yetu akaniuliza.

"Nimeona."

Basi, hivyo tu.

Kisha mama akainama. Akakaa hapo, akakaa. Foleni ikaanza kunung'unika, na kijana mwenye darubini akasema jambo kwa Kiingereza. Mwalimu akamtafsiria kwa upole, "Shemeji, wenzako wanasubiri."

"Mwambie angoje," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Naangalia kwa ajili ya watu wawili."

Mwalimu hakuyatafsiri hayo. Alimshika tu yule kijana begani, na foleni ikatulia.

Tamasha halipo tena. Mwalimu alirudi Tanga. Mdogo wangu haikumbuki hata sauti ya baba. Mama bado anasuka, na nilipomuuliza kama anaikumbuka jioni ile, vidole vyake havikusimama.

"Ilikuwa baridi," alisema. Kisha akaniuliza kama nimekula.