Wino Mmoja, Karatasi Mbili

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa Ruiru, kwa sababu wale wakisimulia hutia chumvi, na hii haihitaji chumvi. Ni mimi niliyefanya wazee wa kwetu, watu waliojipamba na kunyoa ndevu asubuhi, wapitishwe mlango wa jikoni siku ya ruracio yangu. Siku ya mahari, jamani. Aibu hiyo ni yangu na sina wa kugawana naye.

Mimi ni mchapishaji, nina duka pale Thika, nachapisha kadi, kalenda, programu za mazishi na chochote utakacholeta. Baba yake Njeri, msichana niliyempenda hadi nikawa nasahau kula mchana, ni fundi wa rangi za nyumba, mzee ambaye ukizunguka Ruiru naye atakuonyesha kuta zake kama mwingine anavyoonyesha ng'ombe. Siku niliyojitambulisha kwake aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, naye akasema, "Karatasi," neno hilo moja tu, akarudia chai yake. Nikaapa moyoni kwamba huyu mzee atanitambua. Njeri aliposema kadi za siku yetu zichapishwe na rafiki yake Nairobi nikakataa katakata, kadi zote zitatoka kwa mkono wangu, na mimi nikishaamua kitu hunigeuzi (anko wangu Kariuki, aliyenilea tangu wazazi wangu watangulie mbele za haki, husema nilizaliwa nimekunja ngumi).

Njeri alichagua rangi ya siku iwe ile buluu ya shingo ya tausi, pande zote mbili zivae hiyo, ili wageni wa Thika na wenyeji wa Ruiru waonekane watu wa nyumba moja. Sasa, watu hubishana sana kuhusu majina ya rangi, huyu akisema buluu yule anasema kijani, kwa hivyo nikafanya ujanja. Sikuandika jina. Niliipaka kadi nzima rangi hiyo kisha nikaandika chini yake: "Vaa rangi unayoiona hapa." Nilijisikia nina akili za ziada siku hiyo.

Kadi za Ruiru nilizichapisha kwenye karatasi ya kung'aa, zikatoka unaweza kujitazama usoni. Nikageuka kuanza za kwetu, nikakuta karatasi ya kung'aa imeisha, na anayeniletea akaniambia nisubiri hadi Jumatatu, na mimi nilikuwa nimewaambia watu wote kadi ziko tayari Alhamisi. Rafuni kulikuwa na karatasi nyingine ya krimu, nzito, yenye uso mkavu kama biskuti, karatasi ya heshima kabisa. Nikajiambia, wino ni uleule na mashine ni ileile, kuna nini? Ya kwanza ikatoka, nikaitazama (huko kuitazama nitakurudia, msiwe na haraka), kisha nikachapisha zote nikampelekea anko kwake Kalimoni awagawie wazee.

Shangazi zangu ni watu wa kufuata maagizo. Walibeba kadi hadi duka la vitambaa, wakailaza juu ya kila jora mpaka wakapata iliyolingana nayo kabisa, na muuzaji akawaambia wasiwe na wasiwasi, hiyo rangi iko tele, inanunuliwa sana. Wakanitumia picha ya kitambaa kwa simu. Nikaona kitu cha kijani kilichofifia, kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki, nikajiambia hiyo ni simu ya shangazi, kamera yake imechoka. Nikajibu, "Safi sana."

Siku yenyewe nilibaki nyuma kidogo dukani nikikata programu, kwa sababu hata hizo nilikuwa nimeapa kuzikata mwenyewe, nikawaambia wazee watangulie. Nilikuwa nimefika Juja Njeri akanipigia simu.

"Watu wenu wako wapi? Hapa tumeimba mpaka sauti zimeisha."

"Si wamefika? Anko aliniambia wako kwa geti, na hiyo ni saa nzima imepita."

"Kwa geti gani? Tata Nyambura amesimama hapo tangu asubuhi na hajaona mtu."

Tata Nyambura ni shangazi yake, mama mwenye kifua na sauti, na ndiye aliyepewa lango la mbele, kwa sababu kwenye sherehe kama hizi huwa kuna watu wanaojileta kwa ajili ya nyama. Mimi mwenyewe (kwa mdomo huu) ndiye niliyemwambia ashike kadi mkononi na asiruhusu mtu yeyote ambaye nguo yake hailingani nayo. Nilifika nikampata palepale, kavaa buluu ya tausi inayowaka, kadi yangu mkononi, na nyuma yake akina mama wa Ruiru wote wanawaka vilevile. Nikamuuliza kama hajaona wazee kumi na wawili kutoka Thika.

"Hapana. Wamekuja tu wale watu wa chakula, wamevaa uniform yao ya green. Hata nilishangaa wamezeeka hivyo. Nikawaambia wapitie nyuma."

Nilizunguka ile nyumba mbio, na huko nyuma, kando ya masufuria, katikati ya wapishi waliovaa aproni za kijani kilekile, kijani kilekile jamani, walikuwa wamekaa wazee wangu kwenye makreti ya soda. Shangazi mmoja alikuwa amepewa viazi na alikuwa anavimenya. Anko Kariuki, ambaye ndiye angesema kwa niaba yangu siku hiyo, na ambaye bila yeye hakuna ruracio kwa sababu sina mwingine wa kusimama mahali pa baba yangu, alikuwa amekaa wima, fimbo kati ya magoti, akitazama moshi.

"Anko, kwa nini hukusema nyinyi ni nani?"

"Tuliambiwa tupitie nyuma, tukapitia nyuma. Mgeni haulizi mlango." Hakunitazama. "Lakini nimewaona wenzetu vile wamevaa. Wao wamevaa sherehe, sisi wametuvalisha kazi. Hivi viazi vikiisha, Mwangi, tunarudi nyumbani."

Nikatazama lile karai. Vilikuwa vimebaki kama nane.

Hapo ningeweza kutafuta wa kumsingizia, na wapo wengi, muuza vitambaa, simu ya shangazi, Tata Nyambura na kifua chake. Lakini nilijua anko akitoka na lile neno moyoni, kwamba watu wa Ruiru walimvalisha nguo ya kazi, hatarudi, na Njeri nitakuwa nimempoteza kwa rimu moja ya karatasi. Nikaenda mbele, nikamshika Baba Njeri mkono mbele ya watu wake (kitu ambacho hakifanywi na kijana anayeomba mke), nikamleta hadi kwenye masufuria, na wageni wote wakafuata nyuma kama watu wanaokimbilia ajali.

Nikatoa kadi mbili, moja ya Tata Nyambura, nyingine ya anko mwenyewe. Nikasema hakuna aliyemdharau mwenzake hapa, kila mtu amevaa alichoambiwa na kadi yake, na kadi zote ni zangu. Nikachukua kikombe cha chai, nikadondosha tone kwenye kila moja. Kwenye ile ya kung'aa tone likakaa juu, likametameta. Kwenye ile ya krimu likanywewa, likabaki doa. Nikawaambia wino nao ulifanya hivyohivyo, huku ulikaa juu ukawaka, kule ulizama ukafifia, na ile krimu ya karatasi ikauvuta ukawa kijani.

Baba Njeri alichukua ile kadi ya krimu akaipitisha kidole, polepole, kama anayekagua plasta.

"Ukuta mkavu hunywa rangi," akasema. "Hata mtoto wa fundi anajua. Ndiyo maana unapaka kipande kwanza, unangoja kikauke, unaangalia. Kwani wewe hukuangalia?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa huo. Ningesema sikuangalia, ningeonekana mjinga tu, na mjinga husamehewa. Anko alikuwa ameinua uso.

"Niliangalia," nikasema. "Ya kwanza ilipotoka niliona si rangi ile. Niliiona vizuri. Lakini nilikuwa nimewaambia watu wote kadi ziko tayari, na nilitaka wewe uone naweza. Nikajiambia ikikauka itarudi. Ikakauka ikazidi kufifia, na bado nikazituma."

Mpishi aliacha kukoroga. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto, na sitawadanganya, machozi yalikuwa karibu.

Baba Njeri aliirudisha ile kadi mkononi mwangu. "Mimi nilipaka nyumba nzima ya mtu kule Kamakis hivyohivyo," akasema. "Niliona chumba cha kwanza kimekataa. Nikaendelea." Kisha akamgeukia anko akamnyooshea mkono. "Mzee wangu, inuka. Twende tukaanze upya."

Anko hakuinuka mara moja. Alitazama karai la viazi, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ni ngumi tangu azaliwe. Lakini amesema ukweli mbele ya masufuria." Akaushika ule mkono.

Wazee walizungushwa hadi barabarani, lango la mbele likafungwa, na Tata Nyambura, sauti ikiwa imebaki kidogo, akaimbisha akina mama upya mpaka anko akaridhika. Waliingia kijani na buluu wakiwa wamechanganyika, na kwenye picha tunaonekana kama watu wa harusi na mabawabu wao, lakini tunacheka.

Dukani kwangu zile kadi mbili ziko ukutani, zenye madoa ya chai. Nimeapa, na kiapo hiki nakishika kwa ngumi mbili, kwamba kazi haitoki kabla karatasi ya kwanza haijakauka na mwenye kazi hajaishika mlangoni kwenye mwanga wa jua, na ikikataa, nasimamisha mashine, hata kama nimeahidi dunia nzima. Zamu ya kadi za harusi ilipofika, Njeri alikuja mwenyewe akasubiri ya kwanza ikauke. Karatasi ilikuwa moja kwa pande zote, na jina la rangi tuliliandika kwa maneno.

Nilimpelekea anko kadi yake kule Kalimoni. Aliigeuza mbele na nyuma, akaikwaruza kwa ukucha, akaisoma yote mpaka mwisho.

"Rangi nimeona," akasema. "Na mlango? Mbona hamjaandika mlango?"

Nikarudi Thika nikazichapisha zote upya.