Damu Iliyojifunza Kupiga Mpira

Mdogo wangu wa kike alikuwa nje ya nchi, akisomea mambo ya ubongo. Jumapili moja, mimi na mama tunapepeta alizeti uani kwetu Kinampanda, akapiga simu ya video.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada."

"Marahaba," mama akajibu, akijifuta vumbi. "Mbona umevaa kama nesi?"

Alikuwa maabara. Akatuambia kwamba miezi kadhaa nyuma alitoa damu yake mwenyewe, na wenzake wa maabara wakazibadilisha chembe hai zake pole pole mpaka zikawa chembe za ubongo. Akageuza simu. Tukaona kisahani kidogo kama kifuniko cha chupa, na ndani yake utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa.

"Huo ndio ubongo?" nikauliza.

"Ubongo mzima hapana. Ni chembe tu, lakini zinawasiliana kwa umeme. Chini yake kuna nyaya zinazokwenda kwenye kompyuta. Tazameni."

Kwenye skrini kulikuwa na kidoa cheupe, ndio mpira, na kibao cha kuurudisha. Mpira ukaja, kibao kikachelewa. Ukaja tena, kikachelewa. Akatueleza kwamba chembe zile ndizo zinazokisogeza kibao: zikiukosa mpira, zinapelekewa umeme wa vurugu; zikiupata, umeme uliotulia. Basi zinajirekebisha. Hakuna mtu aliyekuwa akigusa kitu.

Halafu kibao kikasogea, kikasita, kikaupiga.

Mama akaweka ungo chini. Kikaupiga tena. Mama alinipokonya simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, anayecheza hapo ni wewe?"

"Si mimi, mama. Mimi si ndiye naongea na wewe?"

"Lakini damu hiyo nimeizaa mimi."

"Ndiyo, mama."

"Zinasikia maumivu?"

"Tunaamini hazisikii. Kwa hakika kabisa, hatujui."

"Na chakula?"

"Nazibadilishia maji yenye sukari."

"Usizisahau," mama akasema, kisha akaomba aonyeshwe tena. Tulitazama mpaka bando likaisha, kuku wamekwishaingia kwenye alizeti na hakuna aliyewafukuza.

Jioni jirani alikuja kuazima ungo. Mama akamwambia ameiona damu ya mwanawe ikijifunza kucheza mpira. Jirani akashtuka.

"Mtoto ameumia?"

"Mzima kabisa," mama akasema. Akamkabidhi ungo huku akitabasamu.