Muuza Sufuria Aliyeshika Isale

Kelele za sufuria ndizo zilizotangulia, mtu mwenyewe alifuata baadaye sana. Kwenye migomba yetu, huko juu ya Kwa Sadala, huwezi kumwona mtu mpaka akukanyage, kwa hiyo habari zote tulizipata kwa masikio. Ukisikia kwato, ni mbuzi wa jirani. Ukisikia kikohozi, ni katekista. Sasa ile asubuhi nikasikia mabati yanagongana, kwanga-kwanga, kwanga-kwanga, yanapanda kilima taratibu, na ndege wote wakanyamaza. Leo wataalamu wanasema barafu ya Kibo inapungua kwa sababu ya jua. Hawakuwepo siku ile. Mimi nina hakika kipande kizima kilidondoka kwa kelele za yule muuza sufuria.

Na msidhani mtu akija na vitu mlangoni ilikuwa furaha. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya themanini, duka la ushirika limebaki na rafu, mwenye duka na paka. Sabuni ilikuwa inaonekana kama mtu anavyoota nyoka, mara moja kwa mwaka tena unaamka unatetemeka. Mama alikuwa na miche miwili ya sabuni na kilo ya sukari, amevificha kwenye pipa la mbegu za mahindi, na juu ya pipa ameweka kuku anayeatamia. Ukisikia hodi ya sauti usiyoijua, moyo unaruka. Huyo anaweza kuwa mtu wa kukagua nani ameficha nini, au mwizi, au mtu anayejifanya anauza shanga kumbe anahesabu magunia ya kahawa yako. Kwa hiyo hodi ilipopigwa nyumba nzima ilikufa ghafla, hata mtoto mchanga alijua kunyonya bila sauti. Na muuzaji naye alikuwa anaogopa, maana mtu akionekana anazunguka bila kibali alipandishwa kwenye lori kama mzururaji. Yaani mlango mmoja, hofu pande mbili. Hapo ndipo biashara ilipofanyika.

Lakini kwetu hofu ilikuwa nyingine kabisa. Baba alikuwa amegombana na kaka yake. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba la urithi, na cha Baba Mkubwa vilikuwa kitu kimoja zamani, babu akavigawa kwa mstari wa masale. Kwa asiyeyajua, masale ni mimea ya majani marefu mabichi, na kwetu Uchagani ndiyo ukuta, ndiyo hati, ndiyo shahidi mahakamani. Masika moja mvua ilibomoa kingo, na ilipoanuka, Baba akasema mstari umesogea hatua mbili kuja upande wake. Baba Mkubwa akasema mstari uko palepale, ila macho ya mdogo wake ndiyo yamesogea. Baba akamwambia mbele za watu, nje ya kanisa, kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kumiliki masale yenye miguu. Watu wakacheka. Kile kicheko kilituponza. Mwaka na nusu hawakusalimiana. Sisi watoto tukakatazwa kuvuka, kisimani tulizunguka njia ya mbali mpaka maji yakazeeka ndooni.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, waliopita walisema. Mimi nililima kweli, ila aliyekuwa anaoza ni dada yangu Aikande. Alikuwa ameposwa, na Jumamosi ya wiki ile wakwe walikuwa waje na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ya kumchukulia binti. Sasa kwetu mbege hiyo haipokelewi na baba peke yake. Anayeonja kwanza ni kaka yake mkubwa. Asipokuwepo, mapipa yanarudi yalikotoka, na bibi harusi anarudi jikoni, na mchumba anaambiwa atafute nyumba yenye watu wanaosikilizana. Dada alikuwa haongei tena. Alikuwa anamenya ndizi moja tangu jua linachomoza mpaka adhuhuri. Mama akimgusia Baba habari ya kwenda kumwomba kaka yake, Baba anajibu, "Aliyehamisha masale ndiye atakayekuja. Mimi miguu yangu haina kazi kule." Na Baba Mkubwa naye, tukasikia, anasema hivyohivyo, maneno yaleyale, utadhani walikaririshwa na mwalimu mmoja.

Jumatatu ile mambo yalichacha. Tulipata habari kwamba Baba Mkubwa atatuma vijana wakate migomba iliyoko kwenye zile hatua mbili. Baba hakunywa hata chai. Alikaa kwenye jiwe karibu na mstari, akawa ananoa panga. Alinoa lile panga mpaka nzi aliyetua juu yake aliruka vipande viwili, kila kipande na bawa lake. Bibi, mama yao wote wawili, ambaye aliishi kwetu kwa kuwa Baba ndiye kitindamimba, alikaa mlangoni na kimsalaba chake mkononi. Alimwambia Baba, "Panga hilo unamnolea nani, mwanangu?" Baba akasema, "Atakayevuka masale leo, mama, atarudi kwao kwa safari mbili."

Mimi nilikuwa nimepanda juu ya mpera. Msichana hapandi miti, najua, nilishachapwa mara nyingi, lakini miti ndiyo iliyokuwa redio yangu. Kutoka pale niliona nyua zote mbili. Na ndivyo nilivyomwona yule mwenye sufuria anaingia kwa Baba Mkubwa. Mtu mwembamba, rangi ya kahawa iliyokaangwa, amebeba mzigo mkubwa kuliko yeye. Baadaye tulijua anaitwa Zakaria, kwao Kigoma, alikuja kukata miwa kule tambarare, miwa ikamshinda mgongo, akawa anachukua sufuria kwa mafundi wa Njoro, kule Moshi mjini, na kupanda nazo mlimani nyumba kwa nyumba. Akapiga hodi kwa adabu, akaweka sufuria moja chini, akaigonga kwa kidole wasikie uzito wake. Baba Mkubwa akatoka. Sikusikia aliyosema, lakini niliona mkono wake unaonyesha njia ya kurudi. Zakaria akainama kuokota sufuria, bado anajieleza, maana muuzaji wa kweli akifukuzwa mara ya kwanza anahesabu kwamba ndiyo amekaribishwa. Baba Mkubwa akafungua mbwa.

Huyo mbwa alikuwa na ukubwa wa ndama, na alikuwa mkali kiasi kwamba umande uliogopa kutua mgongoni kwake. Zakaria alikimbia na sufuria zake zote, kwanga-kwanga-kwanga, akaiacha njia, akaingia migombani, moja kwa moja kuelekea mstarini. Alipofika hapo hana fimbo, hana jiwe. Akakwanyua kitu cha kwanza alichokiona, majani ya masale, akageuka akawa anampunga nayo mbwa usoni. Mbwa akasita. Zakaria akavuka mstari kinyumenyume, majani mkononi, akageuka, na mbele yake yuko Baba amesimama, panga juu.

Hapa lazima niwaeleze, wasomaji wangu wa mbali, jambo ambalo Zakaria wa Kigoma hakulijua. Isale, yaani jani moja la masale, si mpaka tu. Mtu aliyekukosea akija mbele yako ameshika jani la isale, au akimtuma mtu alilete, amekuomba msamaha mbele ya Mungu na mbele ya waliokufa. Hukatai. Hata kama alikuchomea nyumba, hukatai. Anayekataa isale, wazee walisema, ukoo wake unakauka kama mgomba uliokatwa mzizi.

Zakaria alipoliona panga, alijua amekwisha. Akaanguka chini, mikono yote miwili mbele, majani yamesimama katikati ya vidole, akasema, "Nisamehe, mzee wangu. Nisamehe sana."

Panga lilibaki hewani. Mama alikuwa amesimama na sahani mkononi, Dada Aikande ametoka jikoni na ndizi yake nusu imemenywa. Baba akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ndogo, "Unatoka wapi?"

"Hapo," Zakaria akasema, anaonyesha kwa kidevu, maana mikono haikuthubutu kushuka. "Kwa yule mzee."

Bibi akanyanyuka. Mwanamke aliyekuwa hawezi kwenda choo bila kushikwa, akanyanyuka peke yake kama kengele imepigwa. Akaja mpaka pale, akayatazama majani, akamtazama mwanawe. "Kaka yako ameleta isale," akasema. "Lipokee."

Sasa nani alijua ukweli? Zakaria hakujua hata anachoulizwa. Mbwa alijua, lakini mbwa hasemi. Niliyebaki ni mimi, juu ya mpera, na ulimi wangu ambao kijiji kizima kilijua haujawahi kulala. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, "mbwa", na lile neno lingelishusha panga kichwani kwa Zakaria na kumrudisha dada yangu jikoni. Nililiuma. Nawaambia nililiuma mpaka nikasikia ladha ya damu, na kovu liko ulimini mpaka leo, ingawa daktari anasema halioni.

Baba akaweka panga kwenye nyasi. Akayapokea majani kwa mikono miwili. Bibi akasema jani la msamaha haliachwi chini, ni lazima lirudi lilikotoka ili aliyelituma ajue limefika, tena na kibuyu cha mbege. Hapo ndipo baridi iliniingia kweli. Kwa sababu aliyelituma hakulituma. Tulienda wanne: Baba mbele na isale, Bibi ameshika bega lake, mimi niliyeteremka haraka nikapewa kibuyu, na nyuma Zakaria na sufuria zake, kwa kuwa mjumbe lazima awepo. Alininong'oneza, "Binti, mnanipeleka wapi tena?" Nikamwambia, "Nyamaza tu, baba, utauza." Ile hatua ya kuvuka mstari Baba aliivuka kama mtu anayevuka mto usiku, anapapasa kwanza kwa kidole gumba cha mguu.

Baba Mkubwa alikuwa uani. Alimwona mdogo wake anakuja kichwa wazi, mama yao pembeni, isale mkononi. Nikaona uso wake unabadilika, kwanza ukawa mgumu, halafu ukawa wa mtoto. Kwa macho yake, mdogo wake ndiye aliyekuja kuomba msamaha. Mwaka na nusu alikuwa analisubiri jambo hilohilo. Na wakati huohuo mbwa akamwona Zakaria. Akanyanyuka, akaanza kunguruma, manyoya yamesimama, macho kwenye zile sufuria. Baba Mkubwa akageuka. Akamtazama mbwa, akamtazama Zakaria, akasema, "Si huyu ndiye..."

Kibuyu kiliteleza mkononi kwangu, nikakidaka na goti. Baba alikuwa bado amenyoosha majani.

"Ndiye nani, kaka?" Baba akauliza.

Baba Mkubwa akamtazama mama yake, akayatazama majani. Halafu akampigia mbwa kelele akalale. Akashika isale kwa mikono miwili, juu ya mikono ya Baba. "Ndiye mgeni," akasema. "Wamleteeni kiti."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi ndiye aliyeonja ile mbege kwanza, akalia na kucheka kwa pumzi moja. Baba Mkubwa akanunua sufuria, nadhani kwa ajili ya aibu ya mbwa. Baba akaona hawezi kushindwa na kaka yake, akanunua mbili, na wakaendelea kushindana hivyo. Mpaka jua linapinda Zakaria hakuwa na hata mfuniko. Jumamosi wakwe walikuja, Baba Mkubwa akaonja kwanza kama inavyotakiwa, Dada Aikande akaolewa. Pale harusini kila mmoja wa wale wazee alikuwa anawavuta watu pembeni akiwaambia, taratibu, asimwaibishe mwenzake, "Unajua, aliyeomba msamaha ni yeye." Waliishi hivyo wakipendana mpaka mwisho, kila mmoja ameshinda. Zile hatua mbili walizipanda maharage, wakala wote.

Miaka mingi baadaye Baba akiwa kitandani, yale maradhi yake ya mwisho, aliniita. Nikadhani ataniachia maneno mazito. Akasema, "Siku ile ulikuwa juu ya mpera." Nikakana, maana woga wa fimbo hauzeeki. Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuona. Na mbwa wa kaka yangu nilimsikia tangu anafunguliwa. Ndeshi binti yangu, mtu anamtuma mjumbe halafu anamfungulia mbwa?" Akageukia ukutani. "Nilikuwa nimechoka kunoa panga, mwanangu. Nilikuwa natafuta tu pa kuliweka."

Sasa naishi mjini, hapa Moshi, nyumba ina geti la chuma na kengele ya kubonyeza. Wauzaji bado wanakuja. Vijana wazuri, wamechomekea, na kitambulisho shingoni, wanauza vichujio vya maji na vyombo visivyoshika ukoko. Watu huniuliza kama biashara ya mlango kwa mlango bado inalipa siku hizi. Sijui. Ninachojua ni kwamba hawafiki mlangoni. Wanaongea na chuma, chuma kinawajibu hatutaki, wanaenda. Zamani tuliwaogopa lakini walituona nyuso. Sasa hatuwaogopi, na hatuwaoni. Geti langu limezuia wezi, nashukuru, ila najiuliza mambo mengine nayo yatapita wapi.

Kwa sababu na mimi nina ugomvi. Jirani yangu alijenga ukuta ukala kiasi cha shubiri tatu za upande wangu, tangu mwaka juzi hatujasalimiana. Nimeshamwambia kila mtu kwamba aliyehamisha ukuta ndiye atakayekuja. Ana mbwa huyo jirani, mkubwa, mkali. Basi wiki iliyopita nilipanda kijijini, nikarudi na miche mitatu ya masale. Nimeipanda nje, kati ya geti lake na langu, mahali ambapo muuzaji akifukuzwa hawezi kukosa kuiona. Na kengele nimeizima. Geti naliacha wazi mpaka saa nne usiku.