Msusi wa Majengo na Kipindi cha Jumanne

Msusi wa Majengo alikuwa na vidole vyembamba vilivyonukia mafuta ya nazi, na hakuna mwanamke aliyeinuka kwenye kigoda chake bila kuagizwa asikilize redio. "Jumanne saa kumi, mama. Wanazungumzia haki zetu, urithi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, mambo ya kipigo. Usikose." Mwanamume akipita mlangoni, msusi alishusha sauti, lakini mikono haikusimama. Na kila aliyerudi aliulizwa, "Haya, walisema nini?" Gladness, mwalimu wa Njoro, alidhani anapimwa kama mwanafunzi, akawa anajibu kwa madaha.

Jumatano moja ya masika Gladness alikaa kwenye kigoda, akaona msusi anamsuka kwa tabu, kidole kimoja kimevimba.

"Waliahidi kwamba jana wangemzungumzia mume anayepiga," msusi alisema. "Walisema mtu akimbilie wapi?"

Gladness alicheka. "Si wewe ndiye msikilizaji mkuu, dada?"

"Redio mume wangu aliivunja wakati wa Pasaka, mwalimu. Nasikia kupitia kwenu."

Gladness akainamisha macho. Jana saa kumi alikuwa amelala. Msusi akashika kitana, akaendelea kumgawanya nywele taratibu, asimuumize.